Shajara ya mradi: neno "papa" kwenye ramani ya dunia

Februari 2025

Klabu ya lugha ya shule yetu imekubaliana kutengeneza ramani ya ukutani ya neno moja tu. Neno lenyewe ni papa. Tutachora dunia kwenye ubao, tuchomeke pini kila penye lugha yenye neno linalotamkwa hivyo, tuandike kando yake maana na asili, kisha tuamue pini zipi zinafungwa uzi na zipi zinaachwa peke yake. Hilo la mwisho ndilo litakalotutoa jasho. Shajara naiandika mimi, mwalimu wa Kiswahili, kwa ajili ya klabu za shule nyingine zitakazotaka kufanya kazi ya namna hii.

Wajumbe walileta maneno mengi. Kaa na paa yaliondolewa mapema, maana utajiri wake uko ndani ya Kiswahili chenyewe: kaa la moto, kaa wa pwani, kaa kitako, paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, kupaa samaki. Sana lilibaki hadi mwisho. Kwa Kifini sana ni "neno", kwa Kiindonesia ni "kule", kwa Kituruki ni "kwako wewe", na kwa Kiarabu sana ni "mwaka". Zuri mno. Limewekwa kiporo kwa ajili ya mwakani.

Papa lilishinda kwa kura, na sababu yake mimi naipenda: Dodoma hakuna bahari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 450 kwa barabara, na wanafunzi wengi papa wamemwona kwenye simu tu. Nilipouliza papa ni nini, kijana wa kidato cha pili alijibu bila kusita: "Ni wale wanaokula hela za umma, Mwalimu." Darasa likaangua kicheko, ila jibu lake liko sahihi kabisa na limeandikwa kwenye daftari la klabu kama alivyolisema.

Machi, mwanzoni

Tumeanzia nyumbani. Kabla ya kwenda Peru wala Japani, kila mjumbe alitumwa kukusanya papa wa Kiswahili.

Wa kwanza ni samaki. Hapa orodha ilirefuka: papa nyundo mwenye kichwa kama jina lake, papa upanga mwenye pua ndefu ya meno kila upande, na yule mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye Mafia wanamwita potwe na sehemu nyingine za pwani wanamwita papa shilingi kwa madoadoa yake meupe yanayofanana na sarafu. Potwe hana habari na watu, anachuja vijidudu vya maji, na huonekana karibu na Kilindoni kuanzia mwezi wa kumi hadi mwanzoni mwa mwaka. Wanafunzi walishangaa kwamba papa mkubwa kuliko wote ndiye asiyeng'ata. Nikawaambia waiandike hiyo, ila wasiigeuze methali.

Wa pili ni mapapa wa magazetini: mapapa wa dawa za kulevya, mapapa wa ufisadi. Hili ni neno lile lile lililohama kutoka majini hadi ofisini. Pini moja.

Wa tatu hakuna aliyemtegemea. Binti wa kidato cha tatu alisimama akasema, "Papa hapa." Tukadhani anaonyesha kitu sakafuni. Alikuwa anataja neno. Tunasema papa hapa, kuku huku, mumu humu, wawa hawa, zizi hizi: kionyeshi kinarudiwa nusu ili kutia mkazo. Papa huyu hana uhusiano wowote na samaki, kama vile kuku wa "kuku huku" asivyotaga mayai. Ametokana na pa- ya mahali, ambayo ni mali ya lugha za Kibantu tangu enzi na enzi. Kwa hiyo papa hapa Dodoma kuna papa wetu, tena wa asili, asiyehitaji bahari. Binti huyo tumempa uongozi wa kamati ya pini.

Wa nne ni Papa wa Roma. Wakatoliki wengi hapa husema Baba Mtakatifu, lakini Papa linaeleweka na redioni linatumika.

Bibi mmoja wa Mvumi, aliyekuja kumchukua mjukuu wake, alisikia mjadala akaingilia kati. "Papa, papa... mnasema papasi?" Tukamwamkia, tukamwekea kiti, na somo likawa lake. Alisimulia nyumba za tembe za zamani, sakafu ya udongo, na wale wadudu waliokuwa wakitoka usiku kwenye nyufa kunyonya damu ya waliolala. Homa ya papasi imeutesa mkoa huu kwa miaka mingi. Papasi hayumo kwenye ramani kwa kuwa ni neno jingine, pamoja na kupapasa, kupapatika na papara, lakini nilimruhusu katibu aweke maelezo ya bibi pembeni ya ubao. Ukitamka papa mbele ya wazee wa Kigogo, samaki si wa kwanza kuwajia akilini.

Machi, bado

Mzazi mwenye asili ya Kilwa alisikia tunahangaika na papa wa picha, akaagiza papa mkavu kutoka Dar. Kilikuja kipande cha ukubwa wa kiganja kimefungwa kwenye gazeti, na gazeti ndani ya mifuko miwili, na bado vumba lilifika getini kabla ya mama mwenyewe. Tulikifungulia nje, chini ya mwarobaini. Rangi ya kahawia inayokwenda kijivu, chumvi imetuama juu kama ukungu mweupe. Ukiivuta nyama haikatiki, inachanika nyuzinyuzi. Ngozi ukiipapasa kwenda mkiani ni laini, ukirudisha mkono inakwaruza kama msasa. Wanafunzi walipokezana kuigusa kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kushika kitabu changu chochote.

Mama akaeleza upishi. Unaroweka usiku kucha, asubuhi unamwaga maji, unachemsha, unamwaga tena, kisha ndipo unaingiza tui, ndimu na pilipili. "Asiyemwaga maji mara mbili asimlaumu papa," akasema. Mpishi wa shule alisikiliza kwa heshima zote, kisha akatangaza kwamba jikoni kwake hakiingii.

Machi, mwishoni: kanuni za uzi

Tumefika penye ugomvi. Mwalimu mwenzangu wa Historia anaamini kwamba maneno yanayofanana lazima yaliwahi kukutana mahali. Kwa hoja yake, Papa wa Roma ni mkubwa, papa wa baharini ni mkubwa, papaa wa mjini mwenye pesa ni mkubwa, basi wote ni ukoo mmoja. Anaijenga hoja vizuri na wanafunzi wanampenda, kwa hiyo nilihitaji mfano wa kumkata maneno.

Nikampa wa mbwa. Kaskazini mashariki mwa Australia kulikuwa na lugha iitwayo Kimbabaram. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipomuuliza mmoja wa wazungumzaji wake wa mwisho mbwa anaitwaje, akajibiwa: dog. Vile vile kama Kiingereza! Mtu angesema wamelichukua kwa walowezi. Lakini ukitazama lugha jirani unakuta Kiyidiny wanasema gudaga. Kimbabaram kilikuwa na tabia ya kudondosha mwanzo wa maneno na kupunguza mwisho, gudaga ikaliwa huku na huku mpaka ikabaki dog. Lile la Kiingereza lilipita njia yake, kule kwao. Kiajemi nacho kina bad, maana yake "mbaya", sawa na bad ya Kiingereza, na hayo mawili hayana undugu pia.

Mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, ila lete ushahidi kwa kila uzi." Nikamjibu hilo ndilo tunalolitaka. Tukakubaliana hivi:

Uzi mwekundu hufungwa pale tu tunapojua neno lilisafiri kutoka lugha moja hadi nyingine. Pini ya njano ni ya neno ambalo watoto wachanga wenyewe wamelianzisha (nitaeleza chini). Pini nyeupe isiyo na uzi ni ya bahati nasibu. Kufanana peke yake hakumpatii mtu uzi.

Aprili

Pini za njano. Hapa ndipo wanafunzi walipokuwa wakisema, "Lakini Mwalimu, papa ni baba kila mahali!" Karibu ni kweli. Kifaransa papa ni baba, Kirusi papa ni baba, Kilingala papa ni baba na ni heshima kwa mwanamume yeyote mzima, ndiyo maana mwanamuziki wa Kongo Jules Shungu Wembadio alijulikana dunia nzima kwa jina la Papa Wemba hadi alipofariki jukwaani Abidjan mwaka 2016. Vijana wa mpira wakaongeza Papa Bouba Diop, yule Msenegali aliyeifunga Ufaransa katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia 2002. Papaa wetu wa mjini, mwenye gari na walinzi, naye anatoka upande huo wa Kongo, si upande wa samaki. Mwalimu wa Historia alimwachia kwa shingo upande.

Kwa nini lugha zisizojuana zina baba na mama wa aina moja? Mwanaanthropolojia George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya "mama" na "baba" kutoka lugha za kila bara, na Roman Jakobson akayaeleza. Mtoto anayeanza kutoa sauti huanza na zile rahisi: midomo inafunga, inafunguka, vokali a inatoka. Ma-ma, pa-pa, ba-ba, ta-ta. Mtoto hajamwita mtu. Ni wazazi wanaodaka sauti hiyo na kila mmoja kusema, "Ananiita mimi." Sauti za puani kama m mara nyingi huishia kwa mama, maana mtoto anaweza kuzitoa akiwa bado ananyonya, na p au t huishia kwa baba.

Huishia, lakini si sheria. Katika Kigeorgia, lugha ya nchi ile ya milima ya Kaukazi, mama ni baba. Mama mzazi ndiye deda. Na papa ni babu. Niliposoma hilo kwa sauti, watu walicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Pini ya Georgia ni ya njano na ndiyo inayotembelewa kuliko zote.

Basi papa wa njano hawafungwi uzi wao kwa wao. Kila kizazi cha watoto kinaweza kulibuni neno upya. Uzi mwekundu unaanzia pale lugha moja inapolikopa kutoka kwa nyingine, kama Kilingala na Kiwolof cha Senegal kutoka Kifaransa.

Aprili, baada ya Pasaka

Tarehe 21, Jumatatu ya Pasaka, Papa Fransisko amefariki. Neno letu liko kwenye kila redio ya kila daladala kuanzia Jamatini hadi Nzuguni. Haikuwa namna tuliyotaka kulisikia, na wiki hii pini zimepumzika.

Kamati ya pini ilifanya kazi ya maktaba tu. Asili ya Papa wa Roma ni nyepesi kueleza: Kigiriki páppas, neno la mtoto kumwita baba yake, likawa heshima kwa maaskofu, likaingia Kilatini papa. Zamani askofu yeyote aliweza kuitwa hivyo. Ni Gregori VII, katika karne ya 11, aliyesisitiza kwamba jina hilo ni la askofu wa Roma peke yake, ingawa mkuu wa Kanisa la Kikopti kule Misri anaitwa Papa mpaka leo. Kwa hiyo pini ya Ugiriki ni ya njano, na kuanzia hapo ni uzi mwekundu hadi Roma na kutoka Roma hadi kwetu. Anayesema Baba Mtakatifu amerudisha neno kwenye maana yake ya kwanza bila kukusudia.

Mei

Tarehe 8 moshi mweupe. Habemus Papam, "Tuna Papa." Miongoni mwa makardinali 133 waliopiga kura alikuwemo Protase Rugambwa wa Tabora, kwa hiyo Kanda ya Kati na Magharibi zilikuwa na macho yao mle ndani. Aliyechaguliwa ni Leo XIV, mzaliwa wa Chicago aliyekuwa askofu wa Chiclayo, Peru, na ana uraia wa Peru.

Peru! Kamati ya pini iliruka. Maana tangu Machi tulikuwa na pini ya Peru inayosubiri maelezo, na maelezo yake ni kiazi. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka na ya mamilioni ya watu wa milima ya Andes hadi leo, papa ni kiazi mviringo, zao lililofugwa huko maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walilichukua neno pamoja na kiazi chake. Sasa Mperu anayesema Kihispania ana watatu: la papa ni kiazi, el papa ni Papa wa Roma, el papá (mkazo mwishoni) ni baba. Na akisema haelewi hata papa, anamaanisha haelewi hata chembe.

Kijana mmoja alikuwa amegundua kwamba kule Lima kuna taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971 iitwayo Centro Internacional de la Papa, akaiandika kwenye orodha ya mambo ya Kanisa. Ni kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi. Ni la papa, si el papa.

Kwa hiyo nchi moja ya Peru ina pini tatu za rangi mbili na nyuzi zinazokwenda kwingine kabisa: kiazi ni cheupe na uzi wake unatoka kwa Wakechua kwenda kwa Wahispania, Papa ana uzi wa Roma, baba ni wa njano. Na mwaka huu wamepata Papa aliyekula papa za huko kwa miaka. Hakuna uzi hapo. Mwalimu wa Historia aliomba walau uzi mwembamba. Tumekataa kwa wingi wa kura.

Kitu kimoja kilinifurahisha binafsi. Huko Hispania kwenyewe wengi husema patata. Hilo ni mchanganyiko wa papa ya Andes na batata, neno la Wataino wa visiwa vya Karibi kwa kiazi kitamu. Wareno walibaki na batata, wakafika nalo kwenye pwani yetu, na ndiyo hiyo mbatata ya Unguja, ile inayoelea kwenye urojo. Neno lililoanza kwa kiazi kitamu, likaishia kwa kiazi mviringo, na likatufikia kwa bahari. Mbatata si papa, kwa hiyo halina pini, lakini nimeliandikia kikaratasi chake na yeyote atakayekibandua nitamtafuta. Huku Dodoma viazi hivyo vinashuka kwa malori kutoka nyanda za juu kusini, na hakuna mchuuzi wa Majengo anayeviita mbatata.

Mei, wiki ya mwisho: Japani

Ubao umechelewa, seremala anasubiri mbao zikauke. Tukautumia muda kwa pini ngumu kuliko zote, na mimi naiona ndiyo bora.

Leo Mjapani akisema papa anamaanisha baba, neno la kukopa. Lakini mama kwa Kijapani ni haha, na ukirudi nyuma zaidi ya miaka elfu, haha ilikuwa papa. Papa alikuwa mama! Sauti p ilikuwa ikilegea karne hadi karne, ikawa f laini ya midomo miwili, kisha ikaishia kuwa h.

Watu wamejuaje na hakukuwa na kinasa sauti? Ushahidi mmojawapo ni kitendawili cha mwaka 1516. Kinasema: kwa mama tunakutana mara mbili, kwa baba hata mara moja hatukutani. Jibu ni midomo. Ukitamka haha ya leo midomo haikaribiani, kitendawili kinakuwa hakina maana. Lakini ukitamka fafa, midomo inakaribiana mara mbili, na chichi, yaani baba, haikaribiani kabisa. Kitendawili kimehifadhi matamshi ambayo maandishi hayakuyahifadhi.

Nilipofika hapo sikuweza kuendelea na somo, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshika midomo yake. Mama, mara mbili. Baba, mara mbili. Babu na bibi, mara mbili. Kaka, hapana. Dada, hapana. Shangazi, hapana, na hapo pakazuka kelele. Mjomba, mara mbili, na wenye wajomba wakashangilia. Shemeji, mara moja tu, "anakuja kwa nusu," kama alivyosema mmoja nyuma. Nimeamua kitendawili hiki kiwe mlangoni mwa maonyesho, kwa Kiswahili: Kwa mjomba tunakutana, kwa shangazi hatukutani. Tegua.

Mei 30

Leo ni Siku ya Kimataifa ya Viazi, iliyoanza kuadhimishwa mwaka jana. Mpishi alitupikia chipsi. Hakuna la ziada.

Juni

Shule zimefungwa. Waliobaki mjini wanakuja karakana ya seremala asubuhi, kabla jua halijawa kali. Vumbi la Juni na upepo wa Dodoma haviendani na rangi mbichi; bara la Afrika limepigwa msasa na kupakwa upya. Ubao wa nyuma ni laini, wa kukubali pini, na fremu ni ya mkongo. Uzi ni ule wa kufumia vitambaa vya makochi.

Seremala alikuwa akisikiliza mazungumzo yetu bila kusema kitu, mpaka tulipofika Polandi. Kwa Kipolandi papa ni karatasi nene iliyoloweshwa lami, ya kuezekea paa lisivuje. Akaweka randa chini. "Hiyo ndiyo papa ya maana," akasema, akataka ielezwe tena. Asili yake ni Kijerumani Pappe, yaani kadibodi, na hiyo Pappe kabla ya kuwa kadibodi ilikuwa gundi ya uji, kwa sababu kadibodi ilitengenezwa kwa kubandika karatasi juu ya karatasi. Na kabla ya kuwa gundi, ilikuwa uji wenyewe wa mtoto. Uji, gundi, kadibodi, paa. Uzi mwekundu kutoka Berlin hadi Warszawa ameufunga seremala kwa mkono wake.

Uji ukatupeleka kusini mwa Afrika. Lesotho wanakula papa kila siku, na papa yao ni ugali. Jirani, Kiafrikaans kina pap kutoka Kiholanzi. Pini mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu.

New Zealand tulipita haraka. Kwa Kimaori papa ni kitu bapa, ubao, mwamba, ardhi, na Papatūānuku ni mama Dunia, mke wa Rangi aliye mbingu. Pini nyeupe. Wanafunzi waliuliza kama Rangi huyo ana uhusiano na Warangi wa Kondoa. Hapana, na nimefurahi kwamba waliuliza wakiwa tayari wanatabasamu.

Mzazi anayefanya kazi uwanja wa ndege alituletea papa wa hewani. Marubani wanapotaja herufi P kwa redio husema Papa, kwa alfabeti inayotumika kimataifa tangu 1956. Ndege za Tanzania husajiliwa kwa 5H, kwa hiyo ikifuatiwa na P utasikia "Hotel Papa" juu ya Dodoma yenyewe. Hii tumeibandika kwenye anga la ubao, juu ya nchi zote.

Julai

Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7, ambayo kwetu ni Sabasaba na ni mapumziko, kwa hiyo ramani imetundikwa ukumbini shule zilipofunguliwa. Wazazi walikuja, na shule mbili za jirani.

Nilitarajia watu watazame Georgia na Peru. Wengi walisimama Tanzania. Walikuwa wakibishana kama "papa hapa" ni neno au ni maneno mawili, na mzee mmoja aliyekuja na kofia yake ya suti alisimama pale akisema "papa hapa, papa hapa" huku anagonga sakafu kwa bakora, mpaka watoto wakamfuata nyuma wakigonga kwa viatu.

Mfanyabiashara kutoka upande wa Kakamega alisema kwao, kwa Kiluhya, papa ni baba. Katibu alimpa pini ya njano akaichomeka mwenyewe. Mjumbe wetu kutoka Kondoa naye amelalamika, kwa haki, kwamba tumezunguka dunia nzima na hatujaweka hata lugha moja ya wilaya yake, wakati pale Kondoa na jirani yake Chemba zinaishi pamoja lugha za Kibantu, za Kikushi, za Kinailoti na Kisandawe chenye sauti za kugonga ulimi. Amepewa daftari, na atakwenda nalo nyumbani likizo ya Desemba: aulize papa kwa Warangi, Waburunge, Waalagwa na Wasandawe, aandike kama anavyosikia, na asimsaidie mtu kujibu.

Yaliyobaki: uzi wa Senegal umelegea na unahitaji pini nyingine. Kikaratasi cha mbatata kimebanduliwa na mtu, uchunguzi unaendelea. Mwalimu wa Historia ameomba awe mwenyekiti wa ubao wa sana, kwa sharti kwamba kanuni ya uzi ibaki ile ile. Tumemkubalia.